Watu wa Ufukoni Walivyochagua Kamawe

Albertville, Jumapili tarehe 17 Novemba 1963

Kwa Papa Télesphore, Kirungu

Papa mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, kama mtoto anayesimama mlangoni akingoja kuitwa ndani. Magoti yako yanaendeleaje? Claire aliniandikia kwamba baridi ya mwezi wa saba ilikukamata vibaya, ukawa unakwenda kanisani na fimbo mbili. Na Mama, kifua chake kimetulia? Mahindi ya mtelemkoni yamekwisha kupandwa, au mvua imewakuta bado mnalima? Sisi hapa wazima wa mwili. Lucie anawasalimu sana, na watoto wetu kila siku wanauliza lini watakwenda kula viazi vya kwako, nkambo wao.

Barua yako ya mwezi wa kumi nilipewa bandarini na mtu aliyetoka Moba kwa boti. Wiki tano nimekaa nayo bila kujibu. Naitoa, naisoma, nairudisha mfukoni. Umeandika kwamba padri alitaja jina langu mbele ya watu baada ya Misa, akasema mtoto wa Kirungu amewafundisha watu wa mjini kukutana na kusikilizana. Umeandika kwamba ulilia kwa furaha. Tena umeniomba nije Noeli niongoze mkutano kati ya watu wa vilimani na wavuvi wa Zongwe, juu ya ile njia ya kuteremshia mahindi na kupandishia samaki. Papa, sitakuja. Barua hii yote ni sababu yake, na nakuomba uisome peke yako kwanza, kabla Claire hajaisomea nyumba nzima.

Nianze mahali ambapo bado sikuwa na la kuficha.

Nilipoingia biro ya komini kuwa karani, mikutano ya kartie, ya watu wa mtaa mmoja, ilikuwa kama adhabu. Mbele iliwekwa meza yenye kitambaa, nyuma yake wakubwa wanne, na watu kwenye mabenchi yaliyopangwa kama ya kanisani. Mkubwa alisema Kifaransa nusu saa, kisha mtu akatafsiri kwa Swahili dakika tano. Halafu wakauliza kama kuna swali. Watu walitazama miguu yao. Wanawake walikaa nyuma karibu na mlango, na usoni uliona kwamba mawazo yao yako kwenye moto waliouacha nyumbani. Mwisho tulipiga makofi, na mimi niliandika kwenye kitabu kwamba watu wote wamekubali.

Mwaka jana kulitokea ugomvi kati ya wanawake wanaoanika ndagala ufukoni na familia za wafanyakazi wa bandari, kwa ajili ya nzi na harufu. Mikutano mitatu ilifanyika na ugomvi ukazidi. Ndipo nilipokumbuka desturi yako ya Jumapili, ulivyotuketisha mkekani na kuuliza habari za nyumba ukianzia kwa Claire, mdogo wetu wa mwisho, kisha ukapanda mpaka kwa Mama na kwako mwenyewe. Ulikuwa unasema kwamba mkubwa akisha kusema, mdogo anameza lake. Nikaomba ruhusa nijaribu hivyo.

Niliondoa meza. Nikapanga mabenchi kwa maduara, watu wanane kila duara, wanawake wa ndagala wakiwa wamechanganyika na watu wa bandari. Nikawaambia asiyezoea kusema mkutanoni ndiye aanze, na ndiye atakayesimama mbele ya wote kutoa maneno ya duara lake. Sakafuni nilichora kartie nzima kwa makaa, nyumba, njia na mchanga wa ufukoni, nikawapa mbegu za maharagi waweke kila mahali panapoanikwa samaki na kila mahali nzi wanapowasumbua. Mwanzoni walicheka. Baada ya muda nikaona wanaume na wanawake wamepiga magoti juu ya mchoro ule, wanasukuma maharagi kwa vidole na kubishana kwa adabu. Kabla ya saa sita walikuwa wamepatana wapi paanikwe, siku gani, na nani atachimba mfereji wa maji machafu. Mfereji huo upo mpaka leo.

Siku ile ndipo nilipomjua Mama Emérance. Ni mjane, mwanika ndagala, hajui kusoma. Duara lake lilimchagua asimame, akasimama ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, na sauti haikutoka. Nilimwambia aseme tu kama anavyosema sokoni. Akanitazama.

“Sokoni nasema kwa sababu samaki ni yangu. Hapa maneno njo ya nani?”

“Ni ya kwako, Mama,” nikamjibu. “Hapa maneno ni ya kwako.”

Akasema, na akasema vizuri. Tangu siku ile hakukosa mkutano hata mmoja. Alikuja mapema kunisaidia kupanga mabenchi, na wanawake wenzake, kila walipokuwa na shauri, walimpelekea yeye kwanza. Mimi nikaanza kuitwa huku na huku. Wazazi wa shule waliniita kwa ajili ya minerval, ile ada ya watoto, wafanyakazi wa reli wakaniita kwa ajili ya chama chao. Sikatai, Papa, kwamba nilianza kujiona. Nilinunua kengele ndogo ya shaba ya kupigia saa ya kubadilisha zamu ya kusema, nikawa natembea nayo mfukoni hata siku zisizo na mkutano.

Mwaka huu, kama ulivyosikia, ziwa limepanda kuliko wazee wanavyokumbuka. Mwezi wa nne maji yaliingia katika nyumba za mstari wa kwanza. Mwezi wa tano watu wa ufukoni walikuwa wanapikia juu ya meza na kutembea ndani kwa matofali. Ikawa wazi kwamba familia zile lazima zihame. Burgumestre, mkuu wa komini yetu, akaniita kwenye biro yake, akaniambia niandae mkutano mkubwa wa watu wote wa ufukoni, wachague wenyewe mahali pa kuhamia. Tulizungumza saa nzima, mimi na yeye, mlango umefungwa. Mazungumzo yale nitayasema mbele kidogo. Sasa hivi kalamu inanikataa.

Mkutano ulifanyika tarehe tisa Juni, baada ya Misa, katika ukumbi wa shule. Walikuja watu karibu mia mbili, nikawagawa katika maduara ishirini na manne. Niliandika ubaoni mahali patatu. Pa kwanza ni tambarare iliyo juu ya reli, mwendo wa dakika kumi kutoka ufukoni. Pa pili ni bonde la Lukuga, penye matope na mbu. Pa tatu ni nyuma ya vilima, panaitwa Kamawe kwa sababu ya mawe yake, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Chini yake niliandika maswali manne. Wapi maji hayatatufuata? Wapi kila familia itapata uwanja mkubwa? Wapi kuni ziko karibu? Wapi pana nafasi ya mashamba?

Kabla hawajaanza, mpima ardhi wa komini alisimama akawaeleza kwamba tambarare ile ya juu ya reli imewekwa kwa ajili ya maternité mpya, lakini wakiitaka sana serikali itafikiri. Nikasikia wanawake wakiambiana kwamba hawawezi kuwanyima wenzao mahali pa kuzalia. Tambarare ikafa palepale, kwa wema wao.

Nilipita kati ya maduara na kengele yangu. Mvuvi mmoja, Papa Ignace, alininyoshea mkono.

“Sekretere, na ziwa? Swali la ziwa sioni.”

Nikamwekea mkono begani. “Tutafika huko, Papa.”

Hatukufika. Nilipiga kengele, maduara yakatoa majibu, na ishirini kati ya ishirini na manne yakasema Kamawe. Ikabaki kumchagua mtu wa kutangaza uamuzi mbele ya Burgumestre na wageni wa serikali ya jimbo. Nilimpendekeza Mama Emérance, na ukumbi mzima ukaitikia. Safari hii hakushika kitenge. Alisimama mikono imelegea kama mtu aliye kwake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka nje: “Watu ya ufukoni, sisi wenyewe tumepima, sisi wenyewe tumechagua. Tunaenda Kamawe!” Halafu akacheka, Papa. Alicheka kwa furaha, meno yote nje, kama bibi arusi. Watu wakaimba. Burgumestre alishika mkono wa kila mtu mlangoni. Mwezi uliofuata nikafanywa sekretere mkuu wa komini, nikapewa nyumba ya matofali yenye bati na bomba la maji uani. Habari hizo ndizo zilizowafikia huko Kirungu, na ndizo padri alizozitangaza.

Malori yaliwahamisha mwezi wa nane. Na mambo ya Kamawe ni haya. Ndagala hawangoji mtu. Mitumbwi inafika alfajiri, na mwanamke anayetoka Kamawe anafika ufukoni jua limepanda, anakuta wachuuzi wa mjini wamekwisha kuchukua wote. Wavuvi wamejenga vibanda vya majani ufukoni, wanaona wake zao Jumapili tu. Mashamba tuliyowasifia ni mawe juu, mawe chini. Mvua ya mwezi wa kumi ilipoanza, njia ikakatika mahali pawili, watoto wengi wakaacha shule. Mama Emérance hana ndagala tena. Anaponda mawe kwa nyundo, anauza kokoto kwa wajenzi.

Kokoto hizo lori linazipeleka tambarare ya juu ya reli. Hakuna maternité pale. Kuna nyumba sita za wakubwa zinazojengwa, na mojawapo ni ya ndugu wa Burgumestre.

Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Lucie alirudi kutoka sokoni siku moja, akaweka kikapu chini, akaniuliza kama najua wanawake wa Kamawe wanamwitaje Mama Emérance. Sikujua. Wanamwita Mama Tumechagua. Kanisani benchi lake halikaliwi. Kisimani anachota wa mwisho. Wanasema aliwauza kwa makofi, kwamba alitaka tu kuonekana mbele ya wakubwa. Lucie alikuwa amemkuta peke yake nyuma ya soko, akamwuliza kwa nini hajitetei. Mama Emérance akamjibu kwamba hawakosei, kwamba maneno yale yalitoka mdomoni mwake mwenyewe, na mtu hawezi kukana mdomo wake. Lucie alinieleza hayo yote huku akinitazama, halafu akaingia ndani. Nafikiri alikwisha kujua.

Papa, sasa nifike.

Siku ile mlango ulipofungwa, Burgumestre alifungua mtoto wa meza, akaniwekea karatasi mbele. Ilikuwa na sahihi tatu na muhuri, imeandikwa tarehe kumi na nne Mei. Ilisema watu wa ufukoni watahamishiwa Kamawe. Nyuma yake palikuwa na ramani ya tambarare iliyo juu ya reli, imekwisha kukatwa viwanja, na kila kiwanja kina jina la mtu. Niliisoma mara mbili. Nikauliza kama inaweza kubadilika. Akasema haiwezi. Akasema watu wakiamriwa watagoma, na askari watakuja, na damu itamwagika. Lakini watu wakichagua watabeba mizigo yao wenyewe huku wakiimba. “Na wewe, Cyrille,” akasema, “unajua namna ya kuwafanya wachague.”

Sikukataa. Sikuomba hata siku moja ya kufikiri. Niliuliza watakuja watu wangapi, ili nijue idadi ya mabenchi.

Ningependa kukuambia kwamba alinitisha. Hakunitisha. Alinipa chai. Maneno ya askari na damu niliyashika baadaye, nikawa najifariji nayo, lakini saa ile sikuwa nafikiria damu. Nilikuwa nafikiria kwamba kati ya watu wote wa komini, mimi peke yangu ndiye ninayeweza kazi hiyo. Maswali manne ni yangu. Niliyapima moja moja mpaka yote yakaelekea Kamawe, na swali la ziwa nililiacha nje nikijua kwa nini naliacha. Bonde la Lukuga nililiweka kwa sababu hakuna atakayelitaka. Wavuvi niliwatawanya wawili wawili, wasipate duara ambalo wao ni wengi. Mama Emérance nilimpendekeza kwa sababu wenzake wasingeweza kumshuku. Na lililo baya kuliko yote, Papa, uongo wa maternité haukutoka kwa Burgumestre. Yeye hakuwa na wazo hilo. Ni mimi niliyemwambia kwamba wanawake wataiachia tambarare wenyewe wakisikia ni mahali pa kuzalia. Niliwajua vizuri, kwa sababu walikuwa wameniamini na kusema mbele yangu mwaka mzima.

Tarehe mbili ya mwezi huu, siku ya marehemu wote, nilitoka baada ya Misa nikaenda Kamawe kwa miguu. Zamani nilipita huko ndani ya lori tu. Nilimkuta Mama Emérance ameketi kati ya mawe yake, miguu imejaa vumbi jeupe. Alinisalimia kwa furaha, akanitafutia mahali pa kukaa, akauliza habari za watoto wangu kwa majina. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, bila kuruka. Nyundo aliiweka chini pole pole.

“Wakati nilisimama mbele ya watu,” akasema, “ulikuwa unajua?”

“Nilijua, Mama.”

“Na wakati nilicheka?”

“Nilijua.”

Alijifuta vumbi kwenye vidole, kimoja kimoja.

“Basi siku ile nilikuwa nasema na nani, mutoto wangu?”

Hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Alisema tu kwamba kesho yake, baada ya sala, nirudi Kamawe. Watu watakaa wote pamoja na mimi nitasimama. Maduara hapana, maharagi hapana, kengele niiache nyumbani. Nitasema kila kitu, na jina lake nitalitaja.

Nilirudi. Wavuvi walikuwa wamepanda kutoka ufukoni kama kila Jumapili, kwa hiyo walikuwepo wote. Nilisimama mbele yao nikasema. Nilipofika kwenye maternité nilikwama, nikaanza upya. Nilitaja sahihi, viwanja, majina, maswali, na mkono wangu katika kila jambo. Nikasema Mama Emérance hakuchagua, wala wao hawakuchagua, na maneno aliyotangaza yalikuwa yamekwisha kupigwa muhuri. Hakuna aliyenikatiza. Papa Ignace peke yake ndiye aliyeuliza, nirudie tarehe ya karatasi. Nikarudia. Akahesabu kwa vidole, midomo inacheza.

“Siku ishirini na sita,” akawaambia wenzake. “Siku ishirini na sita kabla ya sisi kuitwa.”

Halafu mwanamke mmoja aliinuka mstari wa pili. Lucie aliniambia baadaye kwamba ndiye aliyeanzisha lile jina la Mama Tumechagua. Alipita mbele yangu kama mtu anavyopita mbele ya mti, akaenda alikokaa Mama Emérance, akapiga goti, akashika mkono wake kwa mikono yote miwili. Wakamfuata wengine, mmoja mmoja, mstari mrefu, wanawake kwanza na wanaume nyuma yao. Kila mmoja alimsalimia kwa jina lake. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitemea mate. Nilibaki nimesimama mpaka mabenchi yakawa matupu. Mama Emérance aliondoka wa mwisho, na aliponipita alisimama kidogo.

“Sasa enda,” akasema. “Njia njo ndefu.”

Jumanne waliandika barua kwa serikali ya jimbo. Mwalimu wao ndiye aliyeandika, mimi niliitwa tu kutia sahihi kama shahidi, nikatia. Jibu halijafika, na sijui kama litafika. Lakini nakala ilimfikia Burgumestre. Juzi Ijumaa nimepokea karatasi ya kunifukuza kazi, na nyumba natakiwa kuitoa kabla ya mwisho wa mwezi. Lucie ameanza kufunga sahani ndani ya magazeti. Hajasema neno la lawama. Anaimba anapofanya kazi, kitu ambacho hakukifanya tangu tuingie nyumba hii. Bandarini wanatafuta wapakuzi, nitakwenda Jumatatu kupanga mstari pamoja na wengine. Kama maneno haya ya ushahidi yataniletea makubwa zaidi ya hayo, utasikia kwa Lucie.

Nakuomba, Papa, umweleze padri ukweli huu, asiendelee kunisifu kwa watu. Najua ni mzigo kukutuma wewe, kwa magoti hayo na kwa uzee huo, ukaitangaze aibu ya mtoto wako katika kanisa ulilofundishia katekisimu miaka thelathini. Nisamehe na hilo pia. Na kama huwezi kunijibu kwa sasa, nitaelewa. Mama usimfiche, lakini mwambie polepole.

Msalimu Claire, mwambie viatu alivyoagiza nilikwisha kuvinunua kabla ya mambo haya, vitakuja kwa boti ya Alhamisi. Wasalimu majirani wa mtelemkoni na wote wanaoniulizia. Mungu awalinde na baridi, ayape mahindi yenu mvua ya kiasi.

Jana Lucie alikwenda sokoni, akamkuta Mama Emérance kati ya wanawake watano wa Kamawe, wanagawana kivuli cha mwamvuli mmoja na kubishana bei ya chumvi. Nimeona niimalize barua kwa hilo, kwa kuwa sina jingine jema la kukuandikia.

Mimi mwanao,

Cyrille